Kipimo cha Ncha ya Kidole: Dawa za Kupaka na za Kupuliza Ngozini

Dawa za ngozi ni zile zinazowekwa juu ya mwili kwa kupakwa, kumiminwa au kupulizwa, zifanye kazi palepale zilipowekwa au zipenye na kuingia ndani. Huja katika sura nyingi: marhamu, krimu, losheni, jeli, povu, poda na spreyi. Kila moja ina kiasi chake, muda wake na mahali pake. Hata hivyo, mtu asiyethubutu kumeza vidonge vya malaria bila kuvihesabu hupaka krimu kali kama apakavyo mafuta ya kawaida akitoka kuoga. Mazoea hayo hufanya dawa nzuri ionekane dhaifu, na dawa kali ionekane haina madhara.

Umurenge (yaani sekta) wa Kimironko, katika Wilaya ya Gasabo jijini Kigali, unafaa kuliangalia jambo hili kwa karibu. Soko lake ni miongoni mwa masoko makubwa ya jiji. Wageni hulijua kwa vitenge na mafundi cherehani. Wenyeji huendea maparachichi, ndizi, maharagwe, na vilevile vipodozi. Famasia haziko mbali, kituo cha afya kipo, na Hospitali ya Kibagabaga imo ndani ya umurenge huohuo. Mteja anaweza kununua glisirini kibandani, akavuka barabara akanunua krimu ya fangasi famasini, kisha usiku akazipaka zote mbili kwa mkono uleule na kwa wingi uleule. Karatasi iliyomo ndani ya boksi mara nyingi imeandikwa Kiingereza au Kifaransa kwa herufi za kuumiza macho, na huishia kwenye pipa la taka kabla ya dawa kufunguliwa.

Ukuta usiolingana

Tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli zilizokufa, zilizopangwa safu juu ya safu na kushikamanishwa na mafuta. Sehemu nyingi za mwili unene wake ni maikromita 10 hadi 20 tu. Karatasi ya daftari huuzidi mara kadhaa. Tabaka hilo jembamba ndilo linaloamua ni kiasi gani cha dawa kitapita, na halifanani mwili mzima. Mwaka 1967 watafiti wawili wa California, Feldmann na Maibach, walichapisha vipimo vya jinsi haidrokotisoni, ambayo ni steroidi, inavyopenya sehemu mbalimbali za mwili. Wakichukua mkono wa mbele kuwa moja, unyayo ulipitisha 0.14, mgongo 1.7, ngozi ya kichwa 3.5, kwapa 3.6, paji la uso 6, pembe ya taya 13 na korodani 42.

Tarakimu hizo zinastahili kusomwa mara mbili. Krimu iliyoandikwa kwa ajili ya ngozi nene ya kisigino, ikihamishiwa shavuni, huingia kwa wingi ambao daktari hakuukusudia. Ikipakwa kwenye kinena, hali ni mbaya zaidi. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mtu anayetaka kumpa jirani dawa iliyobaki si ugonjwa gani, bali ni sehemu gani ya mwili.

Maji na kufunikwa huongeza upenyaji. Ngozi iliyolowa hupitisha dawa zaidi kuliko iliyokauka, na ngozi iliyofunikwa kwa plastiki au bandeji isiyopitisha hewa hupitisha mara kadhaa zaidi. Nepi ya mtoto ni kifuniko cha namna hiyo. Steroidi iliyopakwa chini ya nepi hufanya kazi kama iliyofungwa kwa bandeji, na mtoto mchanga tayari ana ngozi kubwa ukilinganisha na uzito wake, hivyo sehemu kubwa zaidi ya dawa huishia kwenye damu.

Sura ya dawa ni sehemu ya tiba

Wauzaji wengi huulizwa kama krimu na marhamu ni kitu kimoja. Hapana. Marhamu ni mafuta matupu au karibu matupu: hung'ang'ania, huzuia maji kutoka, na hufaa ngozi kavu, nene, yenye magamba, kwa mfano visigino vilivyopasuka wakati wa kiangazi cha Juni hadi Agosti, hewa ya Kigali inapokauka na vumbi kusimama. Hayafai kwenye kidonda kinachotoa majimaji wala sehemu zenye nywele. Krimu ni mafuta na maji yaliyochanganywa. Huingia upesi, haichafui nguo sana, na hufaa sehemu nyingi, pamoja na zile zenye unyevu. Losheni ni nyepesi zaidi, hivyo hufaa sehemu pana au zenye nywele. Jeli hukauka na kuacha utando mwembamba. Mara nyingi huwa na pombe ndani yake, kwa hiyo huunguza ngozi iliyochubuka.

Losheni ya kalamaini inahitaji neno moja la ziada. Ni unga wa zinki ulioelea ndani ya maji, nao hutuama. Asiyetikisa chupa hupaka maji siku za mwanzo, na mwisho hubaki na tope.

Ngozi ya kichwa ina tabu yake. Mtu mwenye misuko akimimina losheni juu ya nywele, dawa huishia kwenye nywele. Inabidi kugawa nywele mstari kwa mstari, kugusisha mdomo wa chupa kwenye ngozi yenyewe, kudondosha kidogo na kusambaza kwa ncha za vidole. Kwa tiba ya wiki kadhaa, misuko ni bora ifumuliwe, ingawa najua ushauri huo haupokelewi kwa furaha na mtu aliyelipia saluni jana.

Kiasi gani?

Mwaka 1991 madaktari wawili wa Cardiff, Long na Finlay, walipendekeza kipimo ambacho kila mtu anatembea nacho. Kamua krimu kutoka tyubu yenye mdomo wa milimita 5, uilaze kwenye kidole cha shahada cha mtu mzima kuanzia ncha mpaka kwenye mkunjo wa kwanza. Hicho ni kipimo kimoja. Kwa mwanamume ni takriban nusu gramu, kwa mwanamke pungufu kidogo, na hutosha eneo linalolingana na viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake.

Kutoka hapo hesabu inakuwa rahisi. Uso na shingo vinahitaji vipimo viwili na nusu. Kitanga cha mkono, mbele na nyuma, kimoja. Mkono bila kitanga, vitatu. Mguu bila unyayo, sita; unyayo pamoja na sehemu ya juu yake, viwili. Kifua na tumbo saba, mgongo na makalio saba. Kwa mtoto wa mwaka mmoja au miwili, ukipima kwa kidole chako wewe mtu mzima, mkono pamoja na kitanga ni kimoja na nusu, mguu mzima viwili, uso na shingo kimoja na nusu.

Tuipeleke hesabu hiyo dukani. Mtu ana ukurutu miguu yote miwili, ameambiwa apake mara mbili kwa siku. Mguu mmoja ni gramu 3, miwili ni 6, mara mbili ni 12. Tyubu ya gramu 15 itamtosha siku moja na kidogo. Akiandikiwa tyubu moja kwa wiki mbili, atapaka utando usioonekana, dawa haitafanya kazi, naye atarudi na kuambiwa anahitaji kitu kikali zaidi. Hakuhitaji kikali zaidi; alihitaji tyubu zaidi. Upande wa pili wa hesabu hiyohiyo, dawa kali kabisa kama klobetasoli haipaswi kuzidi gramu 50 kwa wiki, wala wiki mbili mfululizo bila daktari kuangalia. Anayeipaka mwili mzima asubuhi na jioni huvuka mpaka huo kabla ya siku ya pili kwisha.

Namna ya kupaka ni nyepesi kueleza. Nawa mikono, safisha ngozi, kausha kwa kugusagusa taulo bila kusugua. Weka nukta ndogondogo juu ya eneo zima, kisha ziunganishe kwa mkono mlaini ukifuata uelekeo wa vinyweleo. Kwenda kinyume husukuma mafuta ndani ya vishimo vya nywele, na vipele vidogo vyenye usaha hutokea. Usiguse ngozi yenye ugonjwa kwa mdomo wa tyubu. Nawa tena ukimaliza, isipokuwa kama mikono yenyewe ndiyo inayotibiwa. Kama kuna losheni ya kulainisha na krimu ya dawa, acha nusu saa hivi kati yake. Ipi itangulie? Wataalamu hawajakubaliana, na kwa maoni yangu pengo la muda ndilo la maana kuliko mpangilio.

Upele: dawa inayoshindwa kwa sababu ya vidole vya miguu

Hakuna ugonjwa unaoonyesha vizuri zaidi umuhimu wa kupaka sawasawa kuliko upele, ambao Wanyarwanda huuita ubuheri. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Husababishwa na utitiri usioonekana kwa urahisi. Jike huchimba njia ndani ya tabaka la juu la ngozi na kutaga mayai humo. Anayeupata mara ya kwanza huanza kuwashwa baada ya wiki nne hadi sita. Muda wote huo analala kitanda kimoja na nduguze, au bwenini na wenzake, akiusambaza bila kujijua.

Dawa zinazotumika zaidi ni permethrini ya asilimia 5, ambayo ni krimu, na benzili benzoeti ya asilimia 25, ambayo ni losheni. Zote mbili huua. Zinaposhindwa, kisa mara nyingi ni kwamba mgonjwa alipaka panapowasha. Utitiri haukai panapowasha tu. Dawa inatakiwa kupakwa kuanzia nyuma ya masikio na shingoni hadi nyayoni: makwapani, chini ya matiti, kitovuni, kiunoni, sehemu za siri, katikati ya makalio, kati ya vidole vyote vya mikono na vya miguu, na chini ya kucha zilizokatwa fupi. Kwa watoto wadogo na wazee, kichwa na uso pia hupakwa, macho na mdomo vikiepukwa. Mtu mzima wa kawaida huhitaji gramu 30 hivi za permethrini. Mgongoni mtu hajifikii, kwa hiyo hii ni kazi ya watu wawili.

Wengi huoga maji ya moto kwanza, wakidhani matundu yatafunguka na dawa itaingia vizuri. Hapo wanakosea. Utitiri uko juu, na dawa inatakiwa ibaki juu. Ngozi yenye joto na unyevu huivuta kuelekea kwenye damu. Oga kama unahitaji, kisha subiri ngozi ikauke na kupoa. Permethrini hukaa saa 8 hadi 14, yaani usiku mzima, kisha huoshwa. Benzili benzoeti kwa kawaida huachwa saa 24. Ukinawa mikono kabla muda haujatimia, paka tena mikono: mama anayepika na kunyonyesha hunawa mara nyingi, na ndiye anayebaki na utitiri kati ya vidole. Baada ya siku saba tiba hurudiwa, kwa sababu mayai yaliyonusurika yatakuwa yameangua.

Benzili benzoeti huwasha kama pilipili kwenye ngozi iliyokunwa, na kwa watoto huzimuliwa. Ipo imani kwamba inavyochoma zaidi ndivyo inavyoponya zaidi. Permethrini haichomi sana, na ni dawa bora.

Nyumba nzima hutibiwa usiku mmoja, hata asiyewashwa. Mashuka na nguo za siku tatu zilizopita hufuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Kisichofulika hufungwa kwenye mfuko wa plastiki siku tatu, na utitiri hufa kwa kukosa mwili wa mtu. Muwasho unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne baada ya utitiri kufa, kwa sababu mwili bado unapambana na mabaki yake. Wengi hudhani dawa imeshindwa, wakapaka kila siku, na kujiletea ukurutu juu ya upele.

Choa, michanganyiko na mkorogo

Choa hutibiwa kwa klotrimazoli ya asilimia 1, mara mbili au tatu kwa siku. Duara linaloonekana si mwisho wa fangasi. Dawa ivuke ukingo kwa sentimita mbili, na iendelee wiki moja au mbili baada ya ngozi kuonekana safi. Mapunye ya kichwani ni habari nyingine kabisa: fangasi wamo ndani ya shina la nywele, krimu haiwafikii, na mtoto anahitaji dawa ya kumeza kama griseofulvini. Wazazi wanaonunua tyubu baada ya tyubu kwa ajili ya kichwa cha mtoto wanapoteza fedha.

Tatizo kubwa zaidi ni tyubu zenye vitu vitatu kwa pamoja: steroidi, dawa ya bakteria na dawa ya fangasi. Zimeenea Afrika Mashariki yote, na muuzaji huzipenda kwa sababu hazimlazimishi kujua mteja anaumwa nini. Steroidi hutuliza muwasho ndani ya siku mbili, mteja hufurahi na kuacha kupaka, na fangasi, waliopunguziwa ulinzi wa mwili, huenea chini kwa chini. Wanaporudi hawana tena duara linalotambulika. Hata daktari anaweza kuichanganya choa hiyo na ugonjwa mwingine.

Steroidi hizohizo, pamoja na haidrokwinoni na zebaki, ndizo zilizomo katika mkorogo wa kujichubua. Jina hilo, mukorogo, linajulikana hata Kigali. Mwishoni mwa Novemba 2018 Rais Paul Kagame aliandika kwenye Twitter akizitaka Wizara ya Afya na polisi zilishughulikie haraka suala la kujichubua na kemikali zilizokwisha kupigwa marufuku, na kufikia Januari 2019 maofisa walikuwa wakipita madukani na sokoni kukamata bidhaa hizo. Mamlaka ya chakula na dawa, Rwanda FDA, ilikuwa imeundwa kwa sheria mwaka huohuo wa 2018.

Madhara yake yanajulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1975 Findlay na wenzake wa Afrika Kusini walieleza jinsi haidrokwinoni iliyotumiwa miaka mingi inavyoacha mashavuni weusi wa kibuluu usiofutika, kinyume kabisa cha kilichotafutwa. Steroidi hukondesha ngozi, huleta mistari ya kudumu na chunusi za ukaidi, na mtu akiacha ghafla uso huvimba na kuwaka, jambo linalomrudisha dukani. Zebaki huharibu figo. Nimelitaja hili katika makala ya namna ya kupaka kwa sababu moja: hakuna namna sahihi ya kupaka mkorogo. Kupunguza kiasi au kuuchanganya na mafuta ya nazi hakuubadilishi kuwa salama.

Jua la kimo cha juu

Kigali iko karibu nyuzi 2 kusini mwa ikweta, na mitaa yake mingi iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000 za mwinuko, na mawingu mepesi hayaizuii sana. Ubaridi wa asubuhi hudanganya. Motari anayekaa juu ya pikipiki kutwa nzima hupokea mionzi mingi kuliko anavyohisi.

Je, ngozi nyeusi inahitaji losheni ya jua? Kwa kinga dhidi ya kuungua, melanini ya ngozi nyeusi hufanya kazi nzuri. Vipimo vya mwaka 1979 viliikadiria kuwa sawa na kinga (SPF) ya 13, dhidi ya 3 hivi kwa ngozi nyeupe. Kwa hiyo si kila mtu wa Kimironko lazima anunue. Mwenye madoa meusi usoni yanayozidi juani ananufaika, lakini achague losheni yenye rangi, kwa maana oksidi za chuma zilizomo humo ndizo zinazozuia mwanga unaoonekana, ambao nao huongeza madoa. Anayetumia jeli za chunusi zinazofanya ngozi iogope jua anahitaji pia.

Kwa watu wenye ualbino ni suala la uhai, kwa kuwa saratani ya ngozi huwaua vijana wengi mno katika ukanda huu. Mfano bora uko Moshi, Tanzania. Katika hospitali ya KCMC, penye chuo cha kanda cha magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992, hutengenezwa losheni iitwayo Kilisun, iliyobuniwa mahsusi kwa watu wenye ualbino wa Afrika na kugawiwa pamoja na mafunzo ya kuitumia. Mafunzo hayo ni ya lazima kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye chupa yoyote ya losheni ya jua hupimwa maabara kwa miligramu 2 kila sentimita moja ya mraba, ilhali watu wengi hupaka robo au nusu ya hapo. Anayepaka nusu ya kiasi cha losheni ya kinga 30 hapati kinga 30.

Kwa mwili wa mtu mzima kiasi kamili ni karibu mililita 35. Kwa uso, masikio na shingo, kamua mistari miwili kwenye kidole cha shahada na cha kati, kutoka mzizi hadi ncha. Midomo, ncha za masikio, kisogo na migongo ya mikono husahaulika. Ipakwe dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka, irudiwe kila saa mbili na baada ya kutoka jasho. Kofia pana na mikono mirefu hubaki kinga ya kwanza. Losheni ni ya pale nguo isipofika.

Kama dawa ya kufukuza mbu pia inahitajika, losheni ya jua hutangulia, ikakauka, ndipo dawa ya mbu ikafuata juu yake. Yenye DEET ya asilimia 20 hadi 30 hutosha kwa jioni. Haipakwi chini ya nguo, wala kwenye vidonda, wala viganjani mwa watoto, ambao kila kitu huishia mdomoni mwao.

Spreyi na jeli za maumivu

Spreyi hupendwa kwa kuwa haichafui mikono, nayo hutumiwa vibaya kuliko zote. Tikisa kopo, lishike sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye ngozi, puliza hadi ngozi ing'ae kwa unyevu, na kwa losheni ya jua sambaza kwa mkono, la sivyo matone yataacha mapengo. Upepo huchukua sehemu ya dawa. Usoni usipulize kamwe. Pulizia kiganjani, kisha upake. Gesi inayosukuma dawa nyingi ni ya jamii ya gesi ya kupikia, kwa hiyo kupuliza karibu na jiko la mkaa au sigara ni hatari, na kopo lisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani wala kutupwa kwenye taka zinazochomwa.

Jeli za diklofenaki kwa viungo na misuli zinastahili heshima kuliko zinavyopewa. Damu hupokea sehemu ndogo tu, takriban asilimia 6 ya kile ambacho kidonge huleta, hivyo tumbo na figo husalimika zaidi. Lakini zinahitaji kiasi: goti la mtu mzima huchukua gramu 4 kila mara, mara nne kwa siku, na nafuu huja baada ya siku kadhaa za kupaka bila kuruka. Mstari mwembamba unaopakwa mara moja kabla ya kulala hautoshi. Zisipakwe juu ya michubuko, zisifungiwe bandeji, na mtu asimeze vidonge vya jamii hiyohiyo kwa wakati mmoja. Ketoprofeni ina sharti la ziada: sehemu iliyopakwa ifunikwe isipigwe na jua, wakati wa tiba na wiki mbili baada yake. Zile za mentholi, zenye harufu ya kuamsha wafu, huamsha vipokezi vya ubaridi na kumsahaulisha mtu maumivu. Kuna raha ndani yake, uponyaji ni kidogo.

Jeli za homoni, ambazo baadhi ya wanaume hujipaka begani kwa agizo la daktari, huhama kwa kugusana. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru onyo kali liwekwe kwenye jeli za testosteroni baada ya watoto waliobebwa na watumiaji kuonyesha dalili za kubalehe kabla ya wakati. Sehemu iliyopakwa hufunikwa kwa nguo, na huoshwa kabla ya kumkumbatia mtu.

Mafuta kama tiba yenyewe

Kaskazini mwa Rwanda, kwenye udongo mwekundu wa volkano, wapo watu wanaovimba miguu kwa ugonjwa uitwao imidido, yaani podokoniosisi. Utafiti wa nchi nzima uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria wagonjwa nchini kote kuwa karibu 6,400. Hakuna mdudu: chembe za udongo hupenya nyayo zisizo na viatu na kuharibu mishipa ya limfu. Tiba yake ni kuosha miguu kila siku kwa sabuni, kuiloweka kwenye maji yenye dawa hafifu ya kuua vijidudu, kuikausha mpaka katikati ya vidole, kupaka mafuta, kufunga bandeji na kuvaa viatu. Mafuta hapo ndiyo yanayorudisha ukuta wa ngozi, ufa uzibe na udongo usipite. Vazelini ya bei ya chini inatosha.

Paka mafuta ndani ya dakika chache baada ya kuoga, maji yakiwa bado juu ya ngozi, kwa maana mafuta hayaleti unyevu, huuzuia tu usitoke. Kanuni hiyo inamfaa mwenye imidido, mwenye ukurutu na mtoto mwenye ngozi kavu. Kuna tahadhari moja isiyojulikana sana: nguo na mashuka yaliyolowa mafuta ya kupaka hushika moto upesi mno, na kufua hakuyaondoi yote. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa onyo kuhusu mafuta yote ya aina hiyo. Mama aliyejipaka sana, akiinama juu ya mkaa kwa kanga iliyolowa, yumo ndani ya onyo hilo.

Kopo la mdomo mpana lichotwe kwa kijiko safi, si kwa vidole. Dawa iliyohamishiwa kwenye kichupa kisicho na jina isinunuliwe, hata kama muuzaji ni mtu wa nyumbani. Ngozi ikizidi kuwa nyekundu, ikitoa usaha, ikileta homa, au isipobadilika baada ya wiki mbili za kupaka sawasawa, ni wakati wa kwenda kituo cha afya. Huko mgonjwa aende na kila tyubu, kopo na kichupa alichokitumia, hata kile anachokionea haya, kwa sababu ngozi iliyopakwa steroidi haionyeshi tena ugonjwa wake, na jina lililo kwenye tyubu linaweza kumwambia daktari kile ambacho macho yake hayatakiona.